Dalili unayoikosa ina maelezo yake

Anayejiandaa na mtihani wa udaktari hujaza daftari kwa dalili zilizopo: ini limevimba, macho ni manjano, miguu ina maji, mshipa wa shingo umepanda. Kazi hiyo ni ya lazima na sina neno nayo. Ninachotaka kueleza hapa ni upande wa pili, ule wa dalili uliyoitarajia kwa mgonjwa ukaikosa. Mengi ninayoyajua leo kuhusu namna magonjwa yanavyofanya kazi mwilini niliyapata kwa kuuliza: kwa nini hii haipo?

Nilisomea Kampala. Uganda shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha unafuata mwaka wa mafunzo kazini, na mtihani wa mwisho wa magonjwa ya ndani ndio uliotunyima usingizi. Tulikuwa kikundi kidogo tuliokutanishwa na Kiswahili: wawili tumetoka Tanzania, mmoja Kisumu, mmoja Bunia upande wa Kongo, na dada mmoja wa Arua ambaye Kiswahili amekikuta nyumbani kwao. Jioni tulikusanyika kwenye chumba cha hosteli Wandegeya, njiani tumeshanunua kikomando, ile chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, maana inashibisha na bei yake mwanafunzi anaimudu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza kama vya wanafunzi wengine wote. Kuelezana tulielezana kwa Kiswahili, na sharti lilikuwa kwamba hakuna kutaja dalili bila kusema imefikaje hapo.

Sharti la pili tulilitoa wodini. Daktari bingwa aliyekuwa akitufundisha alikuwa na desturi ya kumwacha mwanafunzi amalize kumweleza mgonjwa wake wote, halafu anamwambia, "Umeniambia ulichokiona. Sasa niambie ulichokitafuta ukakikosa." Wengi walikuwa wananyamaza hapo. Mimi swali lile lilinikaa moyoni, kwa sababu mtu hawezi kulijibu kwa kukariri. Ili ujue kilichokosekana ni lazima uwe umeshaufuata ugonjwa njia nzima, tangu unapoanzia hadi unapojitokeza kwenye ngozi, kwenye jicho, kwenye ncha za vidole.

Mgonjwa aliyenifumbua macho alikuwa mzee mvuvi wa Ziwa Albert. Aliletwa baada ya kutapika damu nyingi, akaongezewa damu, akatulia. Kiswahili alikijua vizuri, kama watu wengi wa mialo ile wanaouza na kununua na Wakongomani wa ng'ambo, kwa hiyo nikapewa mimi kazi ya kuchukua historia.

"Mzee wangu, kabla ya kutapika, choo kilikuwaje?"

"Cheusi, mwanangu. Na kinanata."

"Na zamani uliwahi kutapika hivi?"

"Mwaka jana kidogo. Nikanywa dawa za miti, ikakata."

Nikampima tumbo. Hapa nitaenda taratibu, kwa sababu bandama kubwa huwaponyoka wanafunzi wengi kwenye mtihani. Mkono unaupasha joto kwanza, halafu unaanzia chini kulia, karibu na nyonga, unapanda kwa mshazari kuelekea mbavu za kushoto, ukisubiri mgonjwa avute pumzi ndipo usogeze. Ukianzia juu karibu na mbavu, unaweza kuwa umeshauweka mkono juu ya bandama yenyewe na usijue, ukadhani misuli imekaza tu. Kwa mzee yule ukingo wake niliukuta chini ya kitovu. Ulikuwa na pengo dogo upande wa ndani, uliteremka kila alipovuta pumzi, na vidole vyangu havikuweza kupenya kati yake na mbavu. Nilipogonga kwa kidole, sauti ilikuwa butu. Ingekuwa figo, vidole vingepita juu yake na mlio ungekuwa wa utumbo wenye hewa.

Bandama kubwa na damu ya kutapika: kila mwanafunzi atasema shinikizo limepanda katika mshipa unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini. Sawa. Vitabu vingi vitakupeleka moja kwa moja kwenye ini lililojaa makovu kwa pombe au homa ya ini. Sasa tafuta. Macho yake yalikuwa meupe. Viganja havikuwa vyekundu. Kifuani hakukuwa na vile vimishipa vyenye miguu ya buibui, matiti hayakuvimba, na alipoinyoosha mikono haikupepesuka. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alikuwa akinihesabia nyavu alizoziacha mwaloni na jina la kijana aliyemkabidhi. Ini la mtu huyu lilikuwa linafanya kazi.

Jibu ni kichocho cha matumbo. Minyoo yake huishi kwenye mishipa midogo ya damu inayozunguka utumbo, na jike hutaga mayai kila siku kwa miaka. Mengine hutoboa utumbo na kutoka na choo. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama katika matawi madogo ya mshipa ule kabla damu haijazifikia seli za ini zenyewe. Kinga ya mwili huyazingira mayai kwa vinundu, vinundu vikageuka makovu yaliyoufunga mshipa pande zote. Kizuizi kipo mlangoni, ndani hakujaharibika. Seli za ini bado zinapata damu, na ateri inafidia sehemu ya ile iliyopungua, kwa hiyo albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, bado inapatikana na rangi ya manjano inaondolewa. Lakini nyuma ya kizuizi damu imejaa. Hufanya kama magari ya Wandegeya saa kumi na moja jioni barabara kuu inapofunga: hutafuta vichochoro. Vichochoro vyake ni mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo ni myembamba na haikuumbwa kwa mzigo ule, na siku moja hupasuka.

Ukishaelewa hivyo, mengine yanafuata bila kukaririwa. Utajua kwa nini prazikuanteli inaua minyoo lakini makovu ya miaka mingi hayaondoki upesi, hivyo mgonjwa bado anahitaji kufungwa mishipa ya umio kwa endoskopi, ule mrija wa kamera unaopitishwa mdomoni, na kupewa propranololi, dawa ya kupunguza shinikizo katika mshipa ule. Utajua kwa nini huyu anastahimili kutokwa damu kuliko yule ambaye ini lake limeshachoka. Na utajua pa kuwa mwangalifu: mvuvi huyohuyo anaweza kuwa na homa ya ini aina ya B au anakunywa waragi, pombe kali ya Uganda, kila siku, na hapo manjano na kuchanganyikiwa vitatokea, nawe huna budi kurudi kwenye orodha yako ya vilivyokosekana na kuihakiki upya.

Tangu hapo daftari langu likawa na safu tatu. Ya kwanza nilichokiona, ya pili njia kilichopitia, ya tatu nilichokitarajia nikakikosa na sababu yake. Kwenye kikundi tulifanya hivyohivyo kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila tulizobandika ukutani. Safu ya tatu ndiyo iliyochukua muda na ndiyo iliyotugombanisha, na nasema bila kusita kwamba saa moja ya ugomvi ule ilikuwa na faida kuliko usiku mzima wa kusoma peke yako.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya shingo. Mgonjwa mwenye VVU, CD4, yaani chembe zake za kinga, zimeshuka sana, kichwa kinamuuma kwa majuma, anaanza kuona vitu viwiliviwili. Mwenzetu wa Kisumu alishikilia kwamba si homa ya uti wa mgongo kwa kuwa shingo ni laini. Dada wa Arua, ambaye alikuwa amekaa sana kwenye wodi ya wagonjwa wa aina hiyo, akamuuliza, "Kaka, shingo inakaza kwa sababu ya nini?" Hapo ndipo fundo lilipofunguka. Shingo hukaza kwa sababu kinga ya mwili imevamia utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, ukawasha, na misuli ya shingo inakaza kuulinda usivutwe. Kinga ikiwa hoi, hakuna wa kuvamia. Fangasi wa kriptokokasi anaweza kuujaza utando mzima na shingo ikabaki laini, na hata chembe nyeupe kwenye maji ya uti wa mgongo zikawa chache. Ukingoja shingo ikaze, umemchelewesha mgonjwa.

Na kuona viwiliviwili? Ganda la fangasi huyo limejaa sukari nzitonzito inayoziba njia ambazo maji ya ubongo hutumia kurudi kwenye damu. Maji yanaongezeka, shinikizo ndani ya fuvu linapanda, na neva ya sita, ile inayolipeleka jicho upande wa nje, ambayo njia yake ndani ya fuvu ni ndefu, inabanwa na kuvutwa. Jicho linashindwa kwenda nje. Mwanafunzi anayekariri ataandika kwamba ugonjwa uko kwenye shina la ubongo mahali neva ile inapoanzia. Anayeifuata njia atasema neva imeumia kwa shinikizo tu, na kwamba tiba haikamiliki kwa dawa ya fangasi peke yake, maji yenyewe yatolewe kwa sindano ya mgongoni, tena mara kwa mara, hadi shinikizo lishuke.

Kifua kikuu kinafundisha jambo lilelile. Mapango kwenye mapafu hayachimbwi na bakteria peke yake, yanachimbwa zaidi na mapambano ya kinga dhidi yake. Mgonjwa wa VVU aliyeishiwa kinga anaweza kuwa na kifua kikuu kikali na picha ya eksirei isionyeshe pango hata moja, na makohozi yake yakaonekana safi chini ya darubini. Katika nchi kama Uganda hilo si jambo la pembeni kwenye mtihani. Ni jambo la kila wiki wodini.

Kwa watoto, dalili niliyoipenda kuifundisha ni pumzi. Mtoto mwenye malaria kali anahema kwa kina, kifua kinapanda na kushuka chote, pua zinatanuka. Mama anasema, "Musawo (daktari), mwanangu ana nimonia." Unaweka stetoskopu, hewa inaingia safi pande zote mbili. Hakuna mkwaruzo, na kipimo cha oksijeni kidoleni ni kizuri. Mapafu hayaumwi. Chembe nyekundu zenye vimelea zimejinatisha kwenye kuta za mishipa midogo, viungo vinakosa damu ya kutosha, vinatengeneza asidi ya laktiki, na upungufu wa damu unazidisha. Mwili unaihisi tindikali ile na kuamuru mapafu yatoe kaboni dioksidi kwa nguvu ili kuipunguza. Mapafu yanafanya kazi ya kuviokoa viungo vingine. Ndiyo maana kuhema kwa namna ile ni ishara ya hatari kubwa kwa mtoto wa malaria, na ndiyo maana unapoiona unakimbilia kupima sukari na kuandaa artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika na kutangazwa mwaka 2010, watoto 5,425, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini. Baada ya hapo hakuna mtahini anayekubali kwinini kama jibu la kwanza.

Kuhema huko kunaitwa kwa jina la Kussmaul, daktari Mjerumani wa karne ya 19, na jina hilo ni mtego wa kudumu kwenye mtihani wa mdomo, kwa sababu ipo pia alama ya Kussmaul ambayo ni kitu kingine kabisa. Mtu akivuta pumzi, shinikizo la kifuani linashuka, damu inaingia moyoni kwa urahisi, na mshipa wa shingo hulala kidogo. Kwa mgonjwa ambaye mfuko wa moyo umekakamaa, mara nyingi kwa kifua kikuu huku kwetu, moyo umefungwa ndani ya ganda na hauwezi kuipokea damu ile ya ziada. Mshipa haulali. Unapanda. Tazama tena: alama yenyewe ni kukosekana kwa kitu, ule ulalaji wa mshipa uliopaswa kutokea. Tulipoliweka hivyo, hakuna aliyechanganya tena alama hizo mbili, maana moja ni habari ya tindikali na nyingine ni habari ya nafasi.

Lakini nina onyo hapa. Kujua njia ya ugonjwa hakukupi ruhusa ya kutibu kwa hoja peke yake. Kwa miaka mingi ilionekana ni jambo lisilo na ubishi kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mikono imepoa na damu haizunguki vizuri apewe maji mengi ya mishipani kwa haraka. Hoja ni nzuri: mzunguko umepungua, jaza mishipa. Kisha ukafanyika utafiti unaoitwa FEAST katika hospitali sita, nne za Uganda, moja ya Kenya na moja ya Muheza, kwetu Tanga, ukatangazwa mwaka 2011. Katika kundi kubwa la watoto 3,141, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.6 kwa albumini na 10.5 kwa maji ya chumvi, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, na hilo ni la kukumbuka, maana aliyeishiwa maji kwa kuharisha bado anayahitaji.

Nilipousoma utafiti ule nikatafuta safu ya tatu. Ningetarajia watoto wale wawe wamekufa kwa mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba. Uchambuzi uliofuata ulionyesha sivyo: vifo vya ziada vilitokana hasa na mzunguko wa damu wenyewe kuanguka. Kwa hiyo hata maelezo rahisi ya kwa nini maji yaliua hayakuwa sahihi. Kwangu huu ndio mfano mkubwa kuliko yote niliyokutana nayo Uganda, na kila mwanafunzi anayejiandaa katika nchi zetu tatu anapaswa kuujua kwa undani, kwa kuwa watoto waliotufundisha hilo ni wa kwetu.

Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inaonyesha kwamba kukosekana kwa dalili kunaweza kuwa na umri. Mtoto huzaliwa na ugonjwa wote kwenye jeni zake, lakini miezi ya kwanza hana shida, kwa sababu himoglobini ya tumboni mwa mama bado imejaa kwenye damu yake na haikubali kujipanga nyuzinyuzi oksijeni inapopungua. Karibu na miezi sita inapungua, ile ya seli mundu inatawala, na ndipo mama anakuja na mtoto ambaye mikono na miguu imevimba na anaumia akiguswa. Bandama nayo ina historia. Utotoni inaweza kuvimba ghafla na kubeba damu nyingi kiasi cha kuua. Baadaye inakufa kipande kwa kipande kwa kukosa damu, inasinyaa, na kwa mtu mzima huikuti. Kukosekana kwake ndiko kunakueleza kwa nini anahitaji kinga dhidi ya nimokoka, bakteria wa nimonia, maisha yake yote. Na ukiikuta kwa mtoto mkubwa anayekaa kwenye malaria, basi una swali jingine la kujibu. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda uliotangazwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wanabeba jeni moja na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Hakuna raundi ya watoto Kampala utakayoipita bila kukutana nao.

Kuna jambo la Denis Burkitt ambalo wenzangu walichoka kunisikia nikilirudia. Alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alimwona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote mbili, pande zote mbili, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu uvimbe huo ambao leo tunauita limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Wanafunzi hukariri taya, meno yanayolegea, jicho linalosukumwa nje. Mimi huvutiwa zaidi na safari aliyoifanya mwaka 1961 na marafiki wawili kwa gari kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona uvimbe ule. Majibu ya "hapana" yalikuwa na thamani kama ya "ndiyo". Nyanda za juu zenye baridi haukuwepo, na ramani ya mahali ulipokuwepo ikalandana na ramani ya joto na mvua, yaani mahali mbu wanapostawi. Mwaka 1964 wanasayansi wa London wakaona kirusi kwenye seli za uvimbe zilizotoka Uganda, kirusi cha Epstein-Barr. Leo tunaeleza kwamba malaria ya kurudiarudia inazichochea seli B, chembe za kinga zinazotengeneza kingamwili, bila kupumzika huku kirusi kikizisaidia zisife, na katika purukushani hiyo kromosomu ya 8 na ya 14 zinabadilishana vipande, jeni ya MYC, inayoamuru seli zigawanyike, ikawashwa bila wa kuizima. Seli zinagawanyika upesi kiasi kwamba uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo sababu ukiutibu bila maji ya kutosha na ulinzi wa figo, seli zinazokufa kwa pamoja humwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Uso uliopooza upande mmoja: tazama paji la uso. Likikunjamana sawasawa, tatizo liko juu ubongoni, kwa kuwa paji linapata neva kutoka pande zote mbili za ubongo. Likiwa tambarare, neva yenyewe ndiyo iliyoumia. Mlango wa mitrali, ulio kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, ukiwa umekazwa na homa ya baridi yabisi: mlio wa kufunguka unaosikika mapema unasema shinikizo ni kubwa, lakini ukipotea kabisa usishangilie, huenda mlango umekuwa mgumu kiasi cha kutofunguka kwa mlio.

Ugonjwa ambao mtahini wa Kampala ana haki ya kukuuliza hata kama vitabu vya ng'ambo vinaugusa kwa mistari michache ni ule wa kovu la ukuta wa ndani wa moyo. J.N.P. Davies, aliyekuwa mtaalamu wa patholojia Kampala, aliueleza mwaka 1948. Kovu linajaza ncha ya chumba cha moyo, moyo unaminya vizuri lakini haujai. Wagonjwa wengi ni vijana. Mgonjwa anakuja na tumbo kubwa limejaa maji, mshipa wa shingo umepanda hadi sikioni, na miguu yake myembamba, haina uvimbe au inao kidogo tu. Moyo ulioshindwa upande wa kulia ungeanza kuijaza miguu. Hapa maji ya tumboni mara nyingi yana protini nyingi, jambo linaloonyesha kwamba utando wa tumbo nao umehusika, shinikizo la nyuma ya moyo peke yake halitoshi kuyaeleza. Chanzo cha kovu lenyewe kimehusishwa na eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, na lishe, na udongo, na hakuna hoja iliyoshinda mpaka sasa. Ukiulizwa, sema hivyohivyo. Mtahini anayejua kazi yake atakuheshimu.

Kwa upande wa kuwasilisha, kesi ndefu, ile sehemu ya mtihani unapompima mgonjwa mmoja kwa kina na kumweleza mtahini, inaharibiwa na mpangilio kuliko inavyoharibiwa na kutojua. Taja vilivyopo kwanza, vichache na vizito. Kisha useme vilivyokosekana, lakini si vyote. Vitaje vile tu vinavyoondoa jibu jingine. "Hana manjano wala mikono kupepesuka, kwa hiyo naona seli za ini bado zinafanya kazi" ni sentensi moja, na mtahini ameshajua kwamba umefikiri. Ukisoma orodha ya vitu ishirini ambavyo mgonjwa hana, atajua umekariri karatasi. Jizoeze kwa sauti, mbele ya mtu atakayekukatisha, na umwombe akukatishe hasa pale unapotamka "hana".

Jioni kabla ya mtihani sisi hatukufungua vitabu vipya. Tuliomba ruhusa kwa sista wa zamu, tukaingia wodini wawiliwawili, tukawasalimia wagonjwa na ndugu waliolala chini kando ya vitanda wakiwauguza, na tukawaomba wachache walio tayari tuwaguse. Kila mmoja alimpima mgonjwa, akatoka kwenye korido, akamwambia mwenzake vitu viwili: alichokikuta, na alichokikosa. Mtahiniwa mwenzangu, ukimaliza kupima, mfunike mgonjwa, mshukuru kwa lugha anayoielewa, ndipo ugeuke kumjibu mtahini. Hilo nalo lina alama zake kwenye karatasi yao.